Tupime Chuo Kama Tunavyopima Mkopo

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, mwalimu mstaafu, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Morogoro. Yamechapwa karibu kama alivyoyasema.)



 

Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Pili nawashukuru wale mama kumi na watano walioanza na sanduku la bati lenye kufuli tatu, chini ya mwembe, hisa moja shilingi elfu mbili. Wengine walikuwa wakipita wanatucheka, eti wale kina mama wanacheza upatu na daftari. Leo miaka kumi imetimia, sanduku lipo, daftari lipo, na waliocheka baadhi yao wamekaa hapa kama wanachama. Karibuni sana. (Kicheko na vigelegele)

Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya elimu ya watoto wetu. Nilipoambiwa nikamuuliza Katibu, elimu ipi? Maana elimu ni bahari. Akanijibu: "Mwalimu, angalia daftari la mikopo." Nikaangalia. Akina mama, siku hizi mkopo mkubwa kuliko yote katika kikundi chetu si wa biashara tena, wala si wa mabati. Ni wa kumpeleka mtoto chuo kikuu. Kwa hiyo nitazungumza jambo moja tu: tunajuaje kwamba chuo tunachompeleka mtoto, na hasa hayo masomo anayokwenda kusoma, yana nguvu kweli?

Naomba nianze kwa kuungama.

Mwaka 2016 kikundi chetu kilikuwa bado kichanga. Dada yangu, mnayemfahamu wengi wenu kwa maandazi yake, aliomba mkopo wa shilingi laki sita. Kwa wakati ule ulikuwa mkopo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kutoa. Binti yake alikuwa amefaulu kidato cha sita, amepata nafasi ya kusomea sayansi ya maabara za afya katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mliniuliza mimi, kwa kuwa ni mwalimu: "Mwalimu, chuo hicho kizuri?" Nikasimama pale chini ya mwembe nikasema: "Kizuri sana, nimekiona." Na kweli nilikuwa nimekiona. Nilipita na basi nikaona geti, ghorofa lenye vioo na bustani ya maua. Nikaweka saini ya udhamini.

Mwaka wa pili wa masomo likatoka tangazo. Ile programu imesimamishwa, walimu hawatoshi. Wanafunzi wakaambiwa watafute pa kuhamia. Yule mtoto alipohama, alikokwenda wakakataa karibu nusu ya masomo aliyokuwa amekwisha kuyafaulu, akayarudia. Akachelewa miaka miwili. Na ada ya miaka hiyo miwili haikutoka kwa yule mwenye geti wala haikutoka kwangu. Ilitoka kwenye maandazi. Dada yangu alikuwa anaamka saa tisa za usiku kulipa kosa la macho yangu.

Namshukuru Mungu yule binti alimaliza, na leo yuko kazini hospitalini. Lakini mimi tangu siku ile nimekuwa najiuliza swali moja. Hapa kwetu mama akija kuomba laki mbili za kufanya biashara ya dagaa, tunamhoji mpaka jasho linamtoka. Dagaa utanunua wapi? Soko lipo? Mwezi wa mvua utafanyaje? Wadhamini wako ni kina nani? Tunamhoji hivyo kwa laki mbili. Chuo kinachotaka mamilioni na miaka mitatu au minne ya ujana wa mtoto, tunakiuliza nini? Hakuna. Tunauliza jina lake tu. (Minong'ono)

Ndugu zangu, neno langu la leo ni hili: tukipime chuo kama tunavyompima mkopaji. Na maswali yenyewe hayahitaji mtu awe amesoma sana. Mama aliyeishia darasa la saba anaweza kuyauliza yote.

Zamani swali hili halikuwapo. Mimi nilipokuwa msichana, Tanzania Bara ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, Dar es Salaam, pale Mlimani. Ulikuwa umechaguliwa au hukuchaguliwa, basi. Cha pili ni hiki cha kwetu hapa, Sokoine, kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Leo vyuo vikuu ni vingi, vya serikali na vya binafsi, vya dini na visivyo vya dini. Mtoto mwenye matokeo mazuri anaweza kupata nafasi katika vyuo vitatu kwa mpigo, na inabidi athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Akishathibitisha, kutoka ni shida. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla ya kidole kubonyeza.

KILA CHUO KINA MZIZI WAKE

Kosa letu la kwanza ni kusema "chuo kile kizuri" au "chuo kile kibaya", kana kwamba chuo ni embe moja. Chuo kikuu ni shamba lenye majaruba mengi. Jaruba moja lina rutuba, la pili yake limechoka, na mtoto wako hatalala kwenye majaruba yote. Atakaa kwenye idara moja, miaka yote. Basi pima idara, pima programu. Jina la chuo liwe la mwisho.

Njia moja ya kuanzia ni kuuliza chuo kilianzaje. Mlimani ilianza mwaka 1961 kwa kufundisha sheria. Muhimbili ilianza mwaka 1963 kama shule ya madaktari, ikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007. Ardhi ilianza mwaka 1956 kama shule ya wapima ardhi. Jirani zetu Mzumbe walianza mwaka 1953, wakati wa mkoloni, kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa. Ushirika Moshi walianza mwaka 1963 na elimu ya ushirika, wakawa chuo kikuu mwaka 2014. Sokoine mzizi wake ni kilimo; kabla ya 1984 ilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapa hapa Morogoro.

Mzizi huo unakuonyesha mahali ambapo walimu wamelundikana kwa miaka mingi, mahali ambapo vitabu na vyombo vilianza kununuliwa mapema. Lakini mzizi peke yake si jawabu. Vyuo hukua, huanzisha masomo mapya mazuri, na masomo ya zamani nayo yanaweza kulegea. Ndiyo maana nasema ni mahali pa kuanzia.

Hapa Morogoro tunajivunia panya. Msicheke, ni kweli. (Kicheko) Panya buku wanaofundishwa pale Sokoine, kwa ushirikiano na shirika la APOPO, hunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na hunusa kifua kikuu. Panya mmoja anapitia sampuli mia za makohozi kwa dakika ishirini. Mmoja wao aitwaye Magawa alifanya kazi huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Hiyo ni sifa kubwa ya utafiti, na mtoto anayekwenda kusomea mifugo au wanyamapori ana haki ya kuvutiwa nayo. Lakini mtoto anayekwenda kusoma kompyuta, jamani, panya hatamfundisha kompyuta. Sifa ya utafiti mmoja si sifa ya kila darasa. Kwa kila sifa mnayoisikia ya chuo chochote, ulizeni: hiyo sifa inafika mpaka kwenye dawati la mtoto wangu?

Na hilo linanipeleka kwenye zile orodha za dunia. Vijana wetu hutuonyesha kwenye simu: "Bibi, chuo hiki ni cha ngapi duniani, kile ni cha ngapi Afrika." Orodha hizo si uongo, ila zinapima kitu kingine. Orodha itokayo Shanghai tangu mwaka 2003, pamoja na mambo mengine, huhesabu wahitimu na walimu waliopata Tuzo ya Nobel. Nyingine huhesabu tafiti zilizochapishwa na kunukuliwa, na kuwauliza wasomi wa nchi mbalimbali wanakionaje chuo. Hakuna anayekaa nyuma ya darasa la mwaka wa kwanza kuangalia kama mwalimu amefika. Kwa anayekwenda kusoma shahada ya tatu zinaweza kumfaa zaidi. Kwa mtoto wa shahada ya kwanza, orodha ni kama sifa za harusi: zinasimulia pilau, hazisimulii ndoa. (Kicheko na makofi)

MASWALI SABA

Sasa nakuja kwenye maswali yenyewe. Katibu ameyaandika kwenye karatasi, kila mmoja ataondoka na yake.

Swali la kwanza: programu hii imeidhinishwa? Hapa sisemi chuo, nasema programu. Serikali ina Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005. Tume hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, na ndani yake kuna kila chuo, kila programu, sifa za kuingilia, na nafasi zilizopo. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Kijana yeyote mwenye simu atakufungulia. Kama programu haimo, usitoe hata shilingi. Usikubali kuambiwa "tuko kwenye mchakato". Mwaka 2017 Tume ilizuia vyuo kadhaa kudahili, na kwingine ikazuia programu fulani fulani tu, chuo kikabaki wazi. Chuo kizima kinaweza kuwa halali huku programu moja ndani yake ina kasoro. Mimi hilo sikulijua nilipoweka saini. Na kama mtoto anakwenda stashahada, msimamizi wake ni mwingine, ni NACTVET.

Swali la pili: bodi ya taaluma inamtambua mhitimu wa hapo? Kazi nyingine shahada peke yake haitoshi. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mfamasia ana Baraza la Famasi, muuguzi ana baraza lake, wa maabara analo lake. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye cheti cha CPA atakutana na mitihani ya NBAA. Mwanasheria anayetaka kuwa wakili, akimaliza shahada hupita kwanza Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Basi piga simu au nenda ofisi ya bodi, uliza: "Wahitimu wa programu hii, chuo hiki, mnawasajili?" Hilo ndilo swali la dakika tano ambalo lingemwokoa dada yangu miaka miwili.

Swali la tatu: nani anafundisha? Hapa ndipo penye moyo wa jambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Walimu wa chuo kikuu wana ngazi. Mkufunzi Msaidizi ana shahada ya kwanza, bado ananolewa. Mhadhiri Msaidizi ana shahada ya uzamili. Mhadhiri kwa kawaida ana uzamivu, yaani ndiye tunayemwita Daktari. Juu yake kuna Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, halafu Profesa. Vyuo vingi huweka orodha ya walimu wa kila idara hadharani. Ihesabuni kama mnavyohesabu hisa. Katika idara hiyo, wenye uzamivu ni wangapi? Wamesomea somo lenyewe, au aliyesomea jambo jingine amejazwa tu kwenye pengo? Wangapi ni waajiriwa wa kudumu, na wangapi wanakuja kwa saa, asubuhi yuko chuo hiki, mchana kile, jioni cha tatu?

Sisemi mwalimu kijana hafai. Mimi nimefundisha miaka mingi, najua kuna vijana wanaofundisha kuliko maprofesa. Lakini idara isiyo na wakubwa ni kama nyumba isiyo na bibi: watoto watakula, ila mambo mengi yatapotea. Nani atamsimamia mtoto kuandika utafiti wake wa mwisho? Nani atamwandikia barua ya kumtambulisha akitaka kuendelea mbele? Vile vile profesa ambaye jina lake liko ukutani lakini darasani hajaonekana mwaka mzima, huyo si mwalimu wa mtoto wako, ni picha. Kwa hiyo baada ya kuhesabu, waulizeni wanafunzi: huyu anaingia darasani?

Swali la nne: wanasoma nini hasa? Omba orodha ya masomo ya miaka yote. Majina ya programu yanavutia, siku hizi kila kitu ni "menejimenti na teknolojia na maendeleo". Ndani kuna nini? Mtaala ulihuishwa lini? Mwaka 2021 ulianza mradi mkubwa wa serikali uitwao HEET, wa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao moja ya kazi zake ilikuwa kuhuisha mitaala ya vyuo. Basi uliza: wa kwenu mmeuhuisha? Mliwauliza waajiri? Na mitihani yenu inapitiwa na mtahini wa nje? Mtahini wa nje ni mwalimu wa chuo kingine anayekuja kukagua mitihani na usahihishaji. Ni sawasawa na sisi tunavyomwita mtu wa nje kukagua daftari letu kabla ya kugawana. Anayekataa kukaguliwa tunamjua.

Swali la tano: vyombo vipo, na vinatosha? Usiulize kama maabara ipo; maabara ipo kila mahali. Uliza darubini moja wanatumia wanafunzi wangapi. Uliza kompyuta zinazofanya kazi ni ngapi. Uliza maktaba inafungwa saa ngapi, na kama chuo kinalipia majarida na vitabu vya kusoma kwenye intaneti. Kwa anayesoma udaktari au uuguzi, uliza hospitali. Muhimbili iko pamoja na hospitali, KCMC Moshi hivyo hivyo, Bugando Mwanza hivyo hivyo. Mwanafunzi anatoka darasani anamkuta mgonjwa. Chuo kisicho na hospitali yake kiseme wanafunzi wanakwenda kujifunza wapi, wangapi kwa wakati mmoja, na kwa makubaliano gani. Kwa kilimo, uliza shamba. Huwezi kujifunza jembe ubaoni.

Swali la sita: mafunzo kwa vitendo yakoje? Watoto wanaita fildi. Je, chuo kinamtafutia mahali, au kinampa barua aende kubisha hodi mwenyewe? Mwalimu anakwenda kumkagua, au wanasaini makaratasi tu? Wiki ngapi? Nimekutana na mtoto aliyekaa fildi muda wote akitumwa chai. Huyo hakujifunza uhasibu, alijifunza sinia. (Kicheko)

Swali la saba: waliomaliza wako wapi? Hili ndilo soko. Usitosheke na yule mmoja aliyewekwa kwenye tangazo. Tafuta watatu waliomaliza miaka tofauti, na watatu walio ndani sasa, ukutane nao mbali na ofisi ya chuo. Wote tunao kanisani, msikitini, kwenye ukoo. Waulize maneno mawili tu: "Ungekuwa unaanza upya, ungerudi pale pale? Kwa nini?" Hilo "kwa nini" ndilo la kusikiliza. Akisema chakula kibaya, samehe. Akisema matokeo hayatoki, au mwalimu wa somo kuu hayupo tangu mwaka jana, andika.

MAMBO YASIYOPIMA KITU

Kuna mambo tunayoyatumia kama mizani na si mizani. La kwanza ni majengo, nimekwisha kuungama. La pili ni ada. Ada kubwa haimaanishi masomo makubwa, na ada ndogo haimaanishi dhaifu. La tatu ni matangazo ya redio. La nne ni "shemeji anafanya kazi pale". Shemeji mpende, lakini naye muulize maswali saba.

La tano ni urahisi wa kuingia. Kiwango cha kawaida cha chini cha kuingia shahada kutoka kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi nne, ambapo A ni tano, B nne, C tatu, D mbili na E moja. Hicho ni kizingiti cha mlango, programu nyingi zinataka zaidi. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isipungue D. Sasa mtu akikuambia "kwetu hata akipungukiwa tutamsaidia", usishukuru. Kimbia.

Na la sita, akina mama, ni jina la kujivunia. Sisi wazazi tuna kiburi. Tunataka kusema "mwanangu yuko chuo fulani" halafu watu waitikie "ahaa!" Mmoja wetu hapa, ambaye ameniruhusu nilisimulie hili, binti yake alitaka sana kusomea tiba ya mifugo hapa hapa Sokoine, mama akataka aende Dar es Salaam akasome kitu chochote, ili mradi Dar es Salaam. Waligombana mwezi mzima. Tukakaa nao, tukapitia maswali. Masomo ya tiba ya mifugo yamefundishwa hapa Morogoro tangu mwaka 1976, walimu wapo, wanyama wapo. Huko alikotaka kumpeleka, mama hakuweza kutaja hata jina la programu. Binti akabaki. Leo ndiye anayechanja ng'ombe wa wanakikundi wetu, na mama yake ndiye wa kwanza kusema yeye alilijua tangu mwanzo. (Kicheko, mwanachama mmoja anasimama na kupunga mkono)

Lakini siku nyingine jawabu litakuwa kinyume: mtoto aende mbali, gharama ziongezeke, kwa sababu idara yenye nguvu iko huko. Maswali hayana upendeleo wa karibu wala mbali. Wala hayaondoi sauti ya mtoto. Programu nzuri kuliko zote nchini haitamfaa mtoto asiyeipenda.

OMBI LANGU

Bibi Mwenyekiti, naona Katibu ananionyesha saa, namalizia.

Mtu atasema, Mwalimu, haya yote nitayapata wapi mimi muuza ndizi wa sokoni? Nakujibu. Kitabu cha TCU kiko kwenye simu ya mjukuu wako. Bodi za taaluma zina namba za simu. Tume huandaa maonesho ya elimu ya juu, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika Dar es Salaam, viwanja vya Mnazi Mmoja, kabla ya vyuo kufungua masomo. Vyuo vinapanga meza mstari mmoja, unapita meza hadi meza na karatasi yako kama unavyopita sokoni kuuliza bei. Na nauli ya watu wawili kwenda Dar es Salaam na kurudi ni ndogo kuliko ada ya mwaka mmoja uliopotea.

Kwa hiyo nalileta kama ombi rasmi, na naomba liingie kwenye kumbukumbu. Kuanzia mwaka wa kumi na moja, mwanachama akiomba mkopo wa chuo, fomu yake iambatane na karatasi ya maswali saba, yenye majibu, na iandikwe nani alijibu na tarehe gani. Mkopo usicheleweshwe kwa ajili hiyo. Tuwe na kamati ya watu watatu, nami niko tayari kuwa mmoja wao, wa kumsaidia mama asiyeweza kusoma. Swali la kwanza na la pili yakikosa jawabu, mkopo usitoke. Haya mengine matano, kikundi kijadili.

Najua kuna atakayesema tunamnyima mtoto nafasi. Hapana. Dada yangu yuko pale nyuma. Mwaka ule kama mngenikatalia saini yangu, mngekuwa hamkumnyima mtoto wake nafasi. Mngekuwa mmemrudishia miaka miwili. Dada, mbele ya kikundi chote, naomba unisamehe. (Kimya, kisha makofi)

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wahenga wanisamehe nao. Hawakuwahi kuuziwa jembe la mamilioni kwa mkopo. Sisi tuchague jembe, tulipige kucha tusikie linalia vipi, ndipo tulipie. Kuuliza si ujinga.

 Kikundi oyee!